Kibao Kilichomo Ndani ya Ganda

Siku ya nne, mwezi wa Simanu, mwaka wa kuchimbwa mfereji mpya

Mimi Naramtani, mwanafunzi wa mwaka wa nne katika nyumba ya vibao vya udongo, hapa Sipari, ndani ya ukuta wa watawa wa Shamash, mungu jua, naanza leo kuandika mambo yangu mwenyewe. Naapa nitasema yote. Hata ya aibu. Hasa ya aibu! Vibao vyangu vya shule vyote huishia kwenye birika la kulowekea: asubuhi maneno, jioni tope. Hivi sitavilowesha. Nitavificha chini ya shayiri, kwenye mtungi wa marehemu shangazi.

Naandika kwa Kiakadi, lugha ya jikoni. Mwalimu angeona ningechapwa. Darasani ni Kisumeri tu, lugha ambayo hakuna mtu aliyeitumia kuombea chumvi tangu zama za babu wa babu zetu. Mwalimu anasema wenyewe wamekwisha, sisi tumebaki kulinda nyumba yao. Naipenda sana. Lakini mtu akiwa na donge kooni hulia kwa lugha aliyonyonya nayo.

Na leo nina donge.

Baba mkubwa Nakarum alikuja langoni. Hakuwa amekanyaga hapa tangu tumzike dada yake, shangazi Huzalatum, mwezi uliopita. Nilidhani amekuja kummwagia marehemu maji. Kumbe amemfuata Dabitum.

Dabitum alikuwa mjakazi wa shangazi miaka thelathini. Ndiye aliyenilea nilipoletwa hapa, nina meno mawili tu. Watawa hawazai, kwa hiyo shangazi alinichukua mimi kutoka kwa baba, na Dabitum akanibeba mgongoni. Halafu mwezi wa Addaru, miezi mitatu iliyopita, shangazi alipoona kikohozi hakimwachi, alimwacha huru. Nilikuwapo! Alimpaka mafuta kwenye paji la uso, akamgeuza kuelekea linakochomoza jua, akasema: "Paji lako ni safi, Dabitum. Nikifa hakuna mwenye neno juu yako, si kaka zangu, si watoto wao." Kishungi cha utumwa kikanyolewa. Mwalimu akaandika kibao.

Leo baba mkubwa anasema, "Haya, bibi, funga mzigo. Mke wangu anahitaji mtu wa kusaga."

"Mimi si wa mtu tena, bwana," Dabitum akasema. "Nitazame kichwa." Akavua kitambaa. Nywele zake zimeota sawasawa, nyeupe, kama za mtoto wa kondoo.

"Nywele huota, na nywele husukwa."

"Basi anza na zako, zilizobaki."

Walinzi wa lango walicheka. Baba mkubwa hakucheka. Alisema dada yake alikuwa mgonjwa, hakujua asemalo, na mali ya ukoo hairushwi juu ya ukuta kama maji machafu. Anakwenda kwa waamuzi.

Mwalimu Aya-tallik alisimama mlangoni na fimbo yake. "Nenda. Kibao kipo. Kimo ndani ya ganda lake, na mihuri juu yake. Kitavunjwa mbele ya waamuzi, kitajisemea."

Nilitaka kupiga kelele kwa furaha. Ganda lile nililifunga mimi! Ganda langu la kwanza! Mwalimu aliandika kibao, mimi nikakifunika kwa udongo laini kama mkate, nikabana kingo, yeye akaandika maneno yaleyale juu ya ganda, na mashahidi wakaviringisha mihuri yao. Hakuna awezaye kubadilisha kilichomo ndani bila kuvunja la nje.

Dabitum ameniambia jioni: "Silali na wasiwasi. Nara wangu ndiye aliyekifunga."

Siku ya tano

Nimechapwa fimbo mbili. Nilisema "aah" kwa Kiakadi. Mannatum, anayekaa mkeka mmoja nami, anasema "aah" haina lugha. Akachapwa naye.

Waamuzi wamepanga siku ya ishirini, siku ya Shamash, langoni pa hekalu lake.

Siku ya saba

Sijui nianzeje. Niliapa kusema yote. Basi.

Leo mwalimu aliniambia: "Siku ile nilipoandika kibao cha Dabitum ulikuwa ukinakili kando yangu, kwa mazoezi. Hukumaliza. Kilete ukimalize, huenda ukaitwa kuulizwa."

Nikasema, nilikilowesha, mwalimu.

Mannatum akacheka. "Kile? Kile kilijaa pande zote mbili! Nilikiona kikizama. Nikasema, huyu kiherehere ametumaliza tena."

Mkono wangu ukasimama. Sikuandika tena hata alama moja mpaka masomo yakaisha.

Kwa sababu nakala yangu haikujaa pande zote mbili. Niliishia njiani. Niliandika "Dabitum, mjakazi wa Huzalatum", shangazi akakohoa, akaita maji, nikaacha. Maneno ya kumwacha huru sikuyafikia.

Siku ile vibao vilikuwa viwili. Mwalimu alitukatia udongo kutoka bonge moja, ukubwa mmoja. Vyote viwili viliwekwa juani kwenye mkeka, maana kibao hakifungwi kikiwa kibichi. Alasiri mwalimu akasema: lete, funga. Mannatum alikuwa juu ya dari akilia kama punda ili anichekeshe. Nikacheka. Nikaokota. Nikafunga.

Sikusoma! Mimi ambaye husoma hata vipande vilivyotupwa barabarani, siku ile sikusoma.

Na kile kilichobaki kwenye mkeka nilikitupa birikani palepale, punda akiwa bado juu ya dari. Nacho sikukisoma.

Ikiwa Mannatum aliona sawa, basi nilichokilowesha ni kibao cha mwalimu. Na kilichomo ndani ya ganda ni changu. Kinasema Dabitum ni mjakazi wa Huzalatum. Basi. Hakisemi kingine.

Siku ya nane

Nilimbana Mannatum nyuma ya tanuri. Una hakika? Kilijaa kweli?

"Sijui. Labda kilikuwa kile cha orodha ya samaki. Nara, nilikuwa juu ya dari. Nilikuwa punda!"

Kisha akaniona uso, akaacha mzaha. Nikamwambia.

"Kidondoshe birikani," akasema. "Vibao hudondoka."

Mwalimu alikuwa amelala mchana. Sanduku lake halina kufuli. Nilikitoa. Nilikitikisa kwenye sikio: ndani kinagonga kidogo, kama kokwa ya tende iliyokauka. Ndivyo kila kibao kinavyogonga. Hakisemi ni kipi.

Nilisimama nacho juu ya maji. Naliandika hili kwa sababu niliapa. Nilikishika juu ya maji mpaka mikono ikauma.

Bila kibao, baba mkubwa anashinda palepale. Nikakirudisha.

Siku ya kumi na moja

Nilikuwa nimejipa moyo kwamba mashahidi wanatosha. Leo nimejua hawatoshi. Walikuwa watatu. Mlinzi wa lango, yule mzee, homa ilimchukua kabla ya shangazi. Wa pili ni mwoka mikate wetu. Mwalimu alinituma kwake nimuulize, na mimi nikaagiza pia mikate sita ya chakula.

"Nilikuwapo, ndiyo," akasema huku anakanda unga. "Nilileta mikate, wakaniambia viringisha muhuri, nikaviringisha."

Kilisomwa mbele yako?

"Kilisomwa. Kwa Kisumeri! Mwanangu, mimi najua mikate. Kingeweza kuwa kinasema nimeuzwa mimi."

Lakini ulimsikia shangazi, alipompaka mafuta?

"Hapo nilikuwa bado kwenye tanuri. Mkate haungoji."

Wa tatu ni kuhani aliyehamia Larsa, mji wa mbali.

Anabaki mwalimu. Lakini mwalimu aliandika, na baba mkubwa anavumisha sokoni kwamba wanawake wa ukuta huu wanapikiana maneno. Nikisema nami nilisikia, nani atanisikiliza? Mtoto aliyelelewa na huyo huyo Dabitum!

Baba mkubwa ametuma ujumbe: Dabitum aje kwa hiari, atumike miaka mitatu, kisha atamwacha aende zake. Kibao kisivunjwe, ukoo usianikwe langoni.

Dabitum alimrudishia mjumbe: "Mwambie bwana, miaka mitatu kwangu ni mingi. Meno yangu yenyewe hayajaahidi miaka mitatu."

Wote uani walicheka. Mimi nilikwenda kukoroga uji uliokwisha korogwa.

Siku ya kumi na mbili

Mjumbe wa waamuzi amekuja kuchukua kibao. Kimekwenda kikiwa kimefungwa kwenye kitambaa cha sufu. Sitakiona tena mpaka siku ile.

Siku ya kumi na tano. Hakuna masomo.

Nimemwambia mwalimu.

Alikuwa ameketi juani akichonga kalamu za tete. Nilipiga magoti nikasema yote, kwa Kiakadi, hakunirudi. Nilipomaliza aliendelea kuchonga. Kisha nikaona damu kidoleni mwake, na hakuwa ameiona.

"Naramtani," akasema, "kwa nini sikukisoma kabla ya kuandika juu ya ganda?"

Nikasema, uliniamini.

"La. Sikukisoma kwa sababu sikuweza. Huu mwaka wa pili naona mwanga tu na vivuli. Naandika kwa kidole gumba na kumbukumbu, na mbele ya mashahidi nilikariri tu. Maneno ya kumwacha mtu huru ni yaleyale tangu Wasumeri wenyewe wayaandike, mkono wangu unayajua peke yake. Ganda niliandika gizani, mchana kweupe."

Huyu ndiye anayetuchapa mstari ukipinda! Nikakumbuka: hupapasa vibao vyetu, hatazami. Tulidhani ni maringo.

Akasema wakijua, watampa mwingine kalamu, na yeye atapewa mgao wa shayiri wa vikongwe na mahali pa kukaa karibu na jiko. Akasema, kosa ni letu wawili, na langu lina umri mkubwa.

Niliuliza, ganda likisema hivi na cha ndani kikisema vile?

"Unajua jibu."

Najua. Alitufundisha mwaka wa kwanza. Ganda likigombana na kiini, kiini ndicho kinachosikilizwa.

"Na mwandishi?" akauliza, kama tuko darasani.

Mwandishi hana mdomo wake, nikajibu kwa Kisumeri. Ana mdomo wa kibao.

"Vizuri," akasema. Hajawahi kulisema neno hilo kwa huzuni kama leo.

Siku ya kumi na saba

Joto. Udongo unakauka kabla sijamaliza mstari.

Nimehesabu mara mia. Nilikiokota kile cha kushoto. Mwalimu hukaa kushoto kwangu. Lakini mkeka ulikuwa umegeuzwa, kwa sababu ya jua? Uligeuzwa. Nadhani uligeuzwa. Nani aliugeuza?

Nina tumaini dogo. Kingo za kibao nilichokifunga zilikuwa laini, nakumbuka vidoleni. Kingo za vibao vyangu kila mara zina shimo la dole gumba. Kila mara? Karibu kila mara.

Siku ya kumi na tisa

Jambo moja lilikuwa limebaki, na ndilo lililokuwa zito kuliko yote.

Nilimkuta Dabitum akifua nguo yake nzuri kwa ajili ya kesho. Anaimba. Akanirushia maji: "Njoo hapa, mtoto wa vibao, una udongo mpaka masikioni. Kesho utasimama mbele ya watu na shingo hiyo?" Akaanza kunisugua shingo kama nina miaka minne. Ikawa rahisi kusema, kwa sababu hakuwa akiniona uso.

Nilisema yote. Kitambaa kikasimama shingoni.

Nilisema pia: bado kuna njia. Kubali miaka mitatu. Kibao kisipovunjwa hakuna atakayejua. Kikivunjwa na kikawa changu, baba mkubwa hatakupa hata huo ukomo. Utakuwa wake mpaka kufa, na watoto wake baada yake.

Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Alikamua nguo, akaitandaza juu ya ukuta, akanyoosha mikunjo mmoja mmoja.

"Shangazi yako alinipaka mafuta, au nimeota?"

Alikupaka. Nilikuwapo.

"Alisema, au hakusema?"

Alisema.

"Basi mimi niko huru tangu Addaru. Nimeamka huru asubuhi ngapi sasa? Tisini hivi. Nikienda kwa Nakarum kwa hiari yangu, nimejirudisha mwenyewe, kwa miguu yangu. Nikipelekwa na udongo, nimepelekwa na udongo." Akavuta pumzi. "Kivunjwe."

Nililia. Akasema, nyamaza, utachafua shingo tena.

Kisha akaniuliza kitu kimoja tu. Ninachokiona kwenye Kisumeri ni nini hasa, mpaka nakipenda hivyo, na hakuna hata mtu mmoja wa kukisemesha? Nilimwambia: maneno yake hayawezi tena kugeuzwa na mtu yeyote. Waliokuwa wakiyageuza wamekufa. Yamebaki yalivyo.

"Mh," akasema Dabitum. "Kama jiwe la kusagia."

Sikujua kama ni sifa.

Siku ya ishirini, siku ya Shamash. Langoni pa hekalu.

Naandika kwenye kibao cha kiganja, nimekaa kivulini. Mannatum amenikinga kwa mgongo wake. Waamuzi wako watano. Wanangoja jua lifike kizingitini ndipo waanze, maana Shamash haamui akiwa nje ya mlango wake. Limebaki kama urefu wa mkono.

Watu ni wengi. Mwoka mikate amekuja na unga kwenye nyusi. Baba mkubwa amevaa joho la pindo jekundu. Amemleta na kinyozi, wa kumrudishia Dabitum kishungi. Kinyozi! Yuko pale, ameshika kisanduku chake, anatazama chini.

Dabitum amekaa mbele, kichwa wazi. Nywele zote nje.

Sasa hivi yametokea haya. Mkuu wa waamuzi ameuliza: mwandishi wetu yuko wapi? Wakasema ameitwa kule kwenye mfereji, hatarudi mpaka mwezi mwandamo. Akauliza, basi nani hapa anasoma Kisumeri? Waamuzi wakatazamana. Mmoja akakohoa. Hakuna! Wazee watano, na hakuna!

Macho yote yakamgeukia mwalimu. Mwalimu akasimama, na fimbo yake, akasema kwa sauti ileile ya darasani:

"Mimi nimepofuka. Mwaka wa pili huu." Minong'ono ikapanda. Hakugeuka. "Yule msichana anasoma. Nimemfundisha mimi."

Baba mkubwa akaruka. "Yule? Ni mtoto! Tena amelelewa na huyo mjakazi!"

"Ni mtoto wa ukoo wako," mkuu wa waamuzi akasema. "Kama huna mwingine, kaa. Mtoto ambaye hajajifunza kudanganya kwa Kisumeri ni bora kuliko mzee aliyejifunza."

Watu wakacheka. Baba mkubwa akatazama kushoto na kulia akitafuta mwingine. Hakumpata. Mwisho akakaa, akasema sawa, damu yangu hainiibii. Atakubali nitakachosoma. Ameapa kwa Shamash, mkono juu. Nitakachosoma ndicho kitakachokuwa.

Sikuwa nimelifikiri hili. Naapa sikuwa nimelifikiri mpaka alipokaa.

Hakuna hata mmoja hapa atakayejua. Mwalimu haoni. Mannatum hatasema. Baba mkubwa hajui hata alama ya samaki. Maneno ya kumwacha mtu huru nayajua yote kwa moyo, mpaka ya mwisho. Kisumeri changu ni safi. Na si uongo! Shangazi aliyasema. Nilisikia kwa masikio haya. Lakini mwandishi hana mdomo wake. Na nilimwambia Dabitum, jana tu, kwamba maneno haya hayageuzwi na mtu yeyote.

Wameweka kibao juu ya jiwe. Kidogo hivyo! Nimekiona kwa mbali kama mkate uliosahauliwa. Wamenipa nyundo ya mbao. Dabitum amenitazama mara moja akanionyesha shingo yake kwa kidole, yaani: yako, bado ina udongo.

Bibi Aya, mke wa Shamash, wewe unayemnong'oneza mumeo kwa ajili yetu sisi wa nyuma ya ukuta. Kibao hiki ninachokiandika nakiweka miguuni pako sasa hivi, kibichi hivi hivi. Nikikuta mkono wa mwalimu, nitasoma kwa sauti ya kutikisa lango. Hilo sikuulizi. Jua limegusa kizingiti, wananiita jina. Nijibu kabla nyundo haijashuka: nikikuta ni mkono wangu, nisome kilichoandikwa, au nisome kilichosemwa?